Kumtoa Okja Pichani

Mwenye duka la mabango alipiga simu wakati Gitae ameinamia koti la mteja na pasi ya mvuke mkononi, kwa hiyo aliyepokea ni mkewe, Miran. Yule bwana alizungumza kwa upole, kama daktari mwenye majibu asiyopenda kuyatoa. Picha mliyonitumia, alisema, haitafaa. Nikiikuza ienee ukutani, uso wa mama unakatikakatika kama vigae vya bafuni. Halafu kuna jambo lingine dogo. Nyuma ya kichwa cha mama kuna ndoano ya henga ya nguo, na mtu akitazama kwa mbali ataona kama pembe imemwota.

Miran alimshukuru, akaweka simu mezani, akamweleza mumewe.

"Mtumie nyingine," Gitae alisema bila kuinua kichwa.

"Nyingine ipi? Nionyeshe picha moja ya mama isiyo na henga nyuma."

Gitae akasimamisha pasi. Alifikiri mpaka mvuke ukaanza kumlowesha kidevu, na hakuipata. Katika duka lao la dobi, pale nyuma ya soko la mji wa Gunsan, nguo za watu zilining'inia kuanzia mlangoni hadi chumba cha nyuma walikolia chakula, na kila jambo la maana katika familia ile lilikuwa limepigwa picha chini ya makoti ya majirani.

Bi Bokrye, mama yake Gitae, alikuwa anatimiza miaka themanini. Ukumbi ulishapatikana, keki za mchele zilishaagizwa, ndugu wa miji ya Jeonju na Iksan walishasema watakuja. Kilichobaki ni bango la nyuma ya meza kuu, lenye uso wa mama na maneno ya kumtakia maisha marefu. Mtu wa nje angesema si jambo kubwa. Lakini mwaka uliopita binamu yake Gitae alimfanyia mama yake sherehe kama hiyo, na bango lake lilikuwa zuri kiasi kwamba wageni walipanga foleni ili wapige nalo picha. Siku ile mke wa binamu alimshika Miran mkono mbele ya watu, akamuuliza kwa tabasamu, "Na nyinyi mama mtamweka chini ya koti la nani?" Miran alicheka pamoja na wengine. Alicheka njia nzima mpaka nyumbani, kisha akaacha.

Picha zilikuwepo, tena nyingi kupita kiasi. Nyingine zilikuwa kwenye simu, nyingine kwenye simu zilizokufa, na zilizobaki zilijazana kwenye kompyuta ya dukani pamoja na orodha ya suruali za wateja. Binti yao Dahye, kabla hajaenda chuo huko Busan, aliziskani albamu zote za bibi yake na kuzihifadhi kwenye mafolda aliyoyaita "Mpya", "Mpya Kabisa" na "Mpya ya Kweli". Lilikuwepo pia moja lililoitwa "Usifungue", ambalo Gitae alikuwa akiliheshimu hadi siku hiyo.

Hapo ndipo mume na mke walipogawanyika. Gitae alitaka programu ya kupanga picha, ile inayozikusanya zote mahali pamoja, inatambua sura za watu, na ukimtaka mtu fulani inakuletea kila alipowahi kuonekana. Miran alitaka programu ya kurekebisha picha, inayofuta, inayong'arisha, inayoweza kuondoa henga na koti na hata ukuta. Aliyewajua wawili hao asingeshangaa. Gitae ndiye aliyebandika kikaratasi cha namba kwenye kila nguo iliyoingia, na angeweza kulala usingizi mzuri duka likiwa chafu, mradi kila suruali ina namba yake. Miran ndiye mtoa madoa. Wanawake walivuka mitaa mitatu kumletea blauzi nyeupe zenye mchuzi mwekundu wa kimchi, ile kabeji ya pilipili, na hajawahi kukubali kwamba kuna kitu kisichotoka.

"Utarekebisha nini wakati hujui kiko wapi?" Gitae aliuliza.

"Na wewe utapanga nini, Baba Dahye? Utapanga henga?"

Walienda kwa muuzaji wa kompyuta awaamulie, na yeye akakataa kuamua. Hizi ni kazi mbili mbalimbali, aliwaambia. Moja ni kabati, nyingine ni meza ya fundi. Kila moja inakupa siku chache za kuijaribu bure, baada ya hapo unalipa mwezi kwa mwezi. Miran akauliza kama hawawezi kuchukua zote mbili. Muuzaji akaomba kuona kompyuta yao. Gitae alimwonyesha picha ya kompyuta hiyo kwenye simu, naye akaitazama kwa muda, akauliza kwa heshima zote kama bado inawaka. Ichagulieni moja, alisema. Mkiipakia zote mbili mtaizika.

Wakakubaliana kumuuliza mwenye uso.

Bi Bokrye alikuwa chumba cha nyuma, amekaa kwenye sakafu yenye joto, iliyopashwa kwa chini, anachambua machipukizi ya soya kwenye beseni. Aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho. Mwanawe alieleza habari za kabati, mkwewe akaeleza habari za meza ya fundi. Alipomaliza kuchambua kile kilichokuwa mkononi, aliuliza swali moja tu.

"Ipi kati ya hizo inaweza kumtoa Okja?"

Gitae na Miran wakatazamana.

Okja alikuwa mdogo wake Bi Bokrye, na kwa Gitae ni mama mdogo. Alikuwa na meza ya vitoweo pale pale sokoni, na dada yake sasa alipita upande wa samaki, akizunguka soko zima, ili tu asipite mbele ya meza hiyo. Chanzo kilikuwa koti la hanbok ya hariri, vazi la jadi la sherehe. Okja alilileta kwa Gitae lisafishwe kabla ya harusi ya mwanawe wa mwisho. Koti lilirudi kwa wakati, na kweli lilikuwa limerudi: mikono ilimbana, vifungo havikukutana. Okja alikuja nalo dukani kulalamika, na duka lilikuwa limejaa wateja. Bi Bokrye alimtazama mwanawe aliyekuwa ameganda nyuma ya pasi, akawatazama wateja, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba hariri ya duka hili hairudi, ila mikono ya watu ndiyo inayonenepa. Wateja walicheka. Tangu siku hiyo ndugu wale wawili hawakusemezana.

Sasa, picha nzuri kuliko zote za Bi Bokrye, ambayo wote watatu waliijua, ilipigwa ufukweni kule kisiwani Seonyudo. Upepo umempeperusha nywele, macho yamebaki mstari, mdomo wazi, anacheka kicheko cha mtu asiyejua kwamba anatazamwa. Hakuna henga hata moja. Tatizo ni kwamba amekumbatiwa na Okja.

"Inayotoa ni yangu, Mama," Miran alisema.

"Basi anza na yako."

---

Miran alianza kazi asubuhi iliyofuata, baada ya nguo za kwanza kuingia mashineni. Programu ilikuwa na vitufe vingi kuliko gari la zimamoto, lakini alikuwa na subira ya kazi yake, na alielewa haraka kwamba kutoa mtu kwenye picha ni kama kutoa wino kwenye pamba. Unaanzia pembeni na unakwenda polepole. Aliufuta uso wa Okja, akajaza bahari. Aliufuta mwili wake, akajaza mchanga. Kufikia wakati wa chakula Okja alikuwa ameondoka kabisa, isipokuwa vidole vya mkono aliomshikia dada yake bega.

Vidole ndivyo vilivyomtesa. Akivifuta, bega linaondoka navyo, na Bi Bokrye anabaki kama chupa. Akirudisha bega, kidole kimoja kinarudi nalo. Halafu akagundua jambo jingine. Kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa kumwegemea, mama alikuwa ameinama upande mmoja kama anayeanguka kutoka kwenye basi. Alimnyoosha mama, bahari ikalala mshazari. Akainyoosha bahari, mama akarefuka shingo. Kwa kujipoza moyo alimlainisha mikunjo ya uso, akampaka na rangi kidogo mashavuni, kisha akamwita aje kuona.

Bi Bokrye alivaa miwani, akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Huyu si yule wa kutangaza hali ya hewa?"

"Ni wewe, Mama. Nimekulainisha kidogo."

Bwana Noh, dereva wa teksi aliyekuwa anangojea suruali yake, alijongea kaunta na kuchungulia, kwa sababu katika duka la dobi kila mtu ana haki ya kuchungulia. Alisifu bahari. Alisifu mashavu. Kisha akauliza, bila nia mbaya yoyote, "Ila mama anacheka na nani?"

Miran aliona mara moja kwamba swali lile halikuwa na dawa. Ukimtazama mwanamke yule peke yake ufukweni, amepinda upande, mdomo wazi, anacheka na maji, ungetaka kumtafutia ndugu zake. Bi Bokrye alivua miwani, akaifuta kwa aproni ingawa haikuwa na uchafu, akasema sasa waijaribu ile ya kabati.

---

Zamu ya Gitae ilianza kwa fahari. Waliiondoa programu ya kwanza ili kompyuta ipumue, wakaweka ya pili, naye akaielekeza kwenye mafolda yote, hata lile la "Usifungue", ambalo halikuwa na kitu ila picha za mbwa wa jirani. Mashine ilivuma mchana kutwa kama jokofu bovu. Ilipomaliza, ilikuwa imepanga familia nzima kwa sura, kila mtu na rundo lake. Gitae aliyatazama mafungu yale kwa macho ya mtu anayeona duka lake peponi.

Kisha akafungua rundo la mama yake, na nusu ya rundo hilo ilikuwa Okja.

Programu ile haikuona tofauti. Paji moja la uso, mashavu yale yale, macho yanayopotea mtu akicheka. Kwa kuwa haikuwa na uhakika ilikuwa ikiuliza, picha mbilimbili, kwa adabu: Je, huyu na huyu ni mtu mmoja?

"Iambie si mimi," Bi Bokrye alisema, ameudhika.

"Inabidi kuijibu moja moja, Mama."

"Basi leta kiti."

Alikaa mbele ya skrini, Gitae akabofya, na duka zima likawa linasikia sauti yake. Mimi. Yeye. Mimi. Yeye huyo, mtazame alivyoshika mfuko. Mimi, siku ile nilikuwa na homa. Wateja waliingia na kutoka. Mwanzoni alikuwa akilitema neno "yeye" kama mbegu ya tikiti. Baadaye akawa anaongeza maelezo ambayo hakuna aliyemuomba. Yeye, hapa ndipo alipouza kabeji zote akasahau kubakiza za nyumbani. Yeye, hapa ana mimba ya mwanawe Jinho na hajamwambia mtu ila mimi. Miran, aliyekuwa anapiga kola kwa brashi, alipunguza mkono ili asikie vizuri.

Ndipo ikaja picha ya msichana kando ya reli. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, imeliwa pembeni na unyevu. Msichana ana nywele zilizokatwa kama bakuli, ameshika figili kubwa kama mtoto mchanga, anaitazama kamera kwa ukali. Je, huyu ni mtu yule yule?

Bi Bokrye alifungua mdomo, akaufunga. Akaomba ikuzwe. Akaomba ipunguzwe. Akauliza kama kuna upande wa nyuma.

"Ruka hiyo, Mama," Gitae alisema. "Tutairudia."

"Nisijue sura yangu mwenyewe? Niletee simu."

Alipewa simu, akabonyeza namba bila kuitafuta popote. Gitae akazima mashine ya kukaushia, wakasikia vizuri.

"Nani?" Okja aliuliza, ingawa jina lilikuwa linaonekana kwenye simu yake.

"Ni kompyuta," Bi Bokrye alisema. "Ina swali."

"Siku hizi kompyuta zinapiga simu?"

"Kuna msichana kando ya reli, ameshika figili. Ni mimi au ni wewe?"

Upande wa pili kulisikika mtu akiuza kitoweo, mfuko wa plastiki ukafungwa, mteja akaagwa. Kisha Okja akauliza, "Amefunga mdomo?"

"Amefunga."

"Basi ni mimi. Wewe dada hujawahi kufunga mdomo."

Bi Bokrye alikata simu, akairudisha kwa mwanawe, akasema wazi kwamba msichana yule ni yeye na iandikwe hivyo.

---

Okja alikuja kesho yake asubuhi na aproni yake ya sokoni, mikono bado inanukia vitunguu saumu. Alisema hakuja kumwona mtu. Amekuja kwa sababu haiwezekani sura yake igawiwe watu hivi hivi. Bahati mbaya, Miran alikuwa amefungua ile picha ya ufukweni aliyoirekebisha, anaitazama kwa mara ya mwisho kabla ya kuifuta, na Okja akaiona kwanza hiyo.

Aliujua ufukwe ule, aliijua siku ile. Akanyoosha mkono wake mwekundu, akagusa skrini pale begani.

"Hiki kidole ni changu."

Miran alitamani mashine yoyote ipige kelele, lakini zote zilikuwa zimenyamaza.

"Nani amenitoa?"

"Ni mimi, mama mdogo."

"Aha. Wewe ndiye unayetoa madoa," Okja alisema taratibu, na lile neno lilimwingia Miran kuliko kicheko chote cha mke wa binamu. Bi Bokrye alitokea chumba cha nyuma, akasimama mlangoni chini ya safu ya mashati.

"Usimguse mkwe wangu. Nilimtuma mimi."

"Najua ulimtuma wewe. Nani mwingine angefikiria hivyo?"

Gitae alikuwa kwenye pasi yake kama siku ile ya koti, na kama siku ile aliona namna mama yake alivyojiweka mbele kuwakinga watu wake. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Aliitua pasi.

"Mama mdogo," alisema, "lile koti lilirudi. Nilizidisha moto. Niliona linakunjana mikononi mwangu, nikanyamaza."

"Nilijua tangu nilipolivaa," Okja alisema, wala hakumgeukia. "Wewe nilikusamehe kabla sijafika mtaani kwangu. Nilikuwa namngoja huyu aseme."

Bi Bokrye aliweka sawa shati ambalo lilikuwa sawa. "Siku ile kulikuwa na wateja."

"Leo hakuna."

Bwana Noh, aliyekuwa ameirudisha suruali yake kwa sababu ya pindo, alikuwa amekaa kwenye stuli kando ya mlango. Wote wakamtazama.

"Mimi sipo," alisema, akaangalia dari.

Uso wa Bi Bokrye ulipita mahali pengi. Mwishowe akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei, "Lilirudi. Nililiona nami. Nilikuaibisha bure, mdogo wangu." Kisha, kwa kuwa hakuweza kuliacha hapo, akaongeza, "Ila na mikono nayo ilikuwa imenenepa kidogo."

Okja alichomoa glavu yake moja ya mpira kutoka mfukoni mwa aproni na kumpiga nayo dada yake begani, akampiga tena, na kabla ya pigo la tatu wote wawili walikuwa wamekaa chini kwenye sakafu yenye joto, wanacheka mpaka Miran akalazimika kwenda kuwaletea maji. Alipompa Okja bilauri yake, yule mama aliushika mkono wake na hakuuachia haraka. Alimwambia kwamba ile bahari aliyoijaza mahali pake ilikuwa nzuri kweli. Ilimfanya aonekane kama hajawahi kuzaliwa.

Kuhusu msichana wa reli hawakuafikiana. Okja alitoa ushahidi wa figili, Bi Bokrye akatoa ushahidi wa viatu, na walipofika kwenye habari ya nani alikatwa nywele na mama yao kwa bakuli, kila mmoja alidai ni yeye. Programu ilikataa majina mawili kwa uso mmoja. Gitae akaandika "Bokrye au Okja" kama jina la mtu, nayo ikalipokea bila swali, na katika familia ile kukawa na ndugu mpya.

---

Siku za kujaribu bure zilipokwisha, Miran mwenyewe ndiye aliyesema walipie ya kabati. Alitoa sababu zake kwa sauti ya mtu ambaye hajashindwa. Kwanza, mama sasa alikuwa anakaa mbele ya kompyuta kila alasiri akitaja watu, mara nyingi Okja akiwa kando yake anampinga, na usingeweza kuwaondoa. Pili, alikuwa amechunguza programu ya Gitae kimyakimya, akakuta nayo ina kitufe cha mwanga na kingine cha kukata kingo. Vidogo, lakini picha ya ufukweni haikuhitaji zaidi ya hivyo. Aliipa mwanga kidogo. Kingo alizigusa kwa upande wa mchanga tu. Gitae alitaka kusema neno, akamtazama mkewe, akaendelea kupiga pasi.

Mwenye duka la mabango alipiga simu tena. Alisema safari hii picha ni safi, inaweza kukuzwa hata iwe ya jengo zima, ila anaona mama wawili. Je, anayetimiza miaka themanini ni yupi?

"Wa kushoto," Miran alijibu. "Lakini wa kulia usimkate."

Siku ya sherehe mke wa binamu alisimama mbele ya bango kwa muda mrefu, mkoba mkononi. Mwishowe alimwendea Miran na kumwambia, kwa lile tabasamu lake, kwamba ni ajabu kidogo kuona mtu wa pili kwenye bango la mtu. Miran alikuwa amebeba sinia la bakuli za supu ya mwani. Alimjibu kwamba ndiyo, wa pili ni mdogo wake mama, kisha akaomba apishwe kwa sababu supu ni ya moto. Hakuhitaji kucheka.

Bi Bokrye na Okja walikaa nyuma ya meza kuu, kati ya vilima vya matunda na keki za mchele zilizopangwa kwa rangi. Mpigapicha wa ukumbi, kijana mwenye haraka, alipanga kamera yake na kuomba wageni wasogee, kwani picha ya kwanza ni ya mwenye sherehe peke yake. Okja akaanza kuinuka. Bi Bokrye alimshika aproni, maana hata siku hiyo alikuwa nayo kiunoni, akamrudisha kitini.

"Mwanangu, piga tu," alimwambia kijana. "Huyu usihangaike naye. Tulishajaribu."

Kijana hakuelewa, akapiga.

Picha zilipokwisha na watu wakaanza kula, Miran alikuwa bado anazunguka na sinia, anahesabu kwa macho nani hajapata. Bi Bokrye alimwita kwa mkono. Alikuwa ametengeneza nafasi pembeni yake kwa kumsukuma Okja upande mmoja, na mbele ya nafasi hiyo kulikuwa na bakuli la supu lililofunikwa kwa sahani.

"Weka hilo sinia chini, Mama Dahye," alisema. "Watajipakulia. Kaa ule na wewe, imeanza kupoa."

Miran akaweka sinia chini, akakaa kati ya wale mama wawili, akala.